Waliolala Bweni Moja

Miongoni mwa desturi zilizostawi nchini mwetu bila ya kutungiwa sheria wala kuamrishwa na kiongozi yeyote, ipo hii ya wazee waliosoma pamoja katika shule za bweni kutafutana, kukutana na kusafiri pamoja. Tunasema wazee kwa makusudi. Vijana nao hukutana, lakini kijana aliyeagana na mwenzake miaka mitatu iliyopita hana haja ya kumtafuta. Humwita tu naye akaitika. Mzee wa miaka sabini na mitano anayefunga safari kutoka Newala mpaka Tabora ili akalione bweni alilolala akiwa kidato cha pili, na akamwone mtu aliyelala kitanda cha jirani, anatenda jambo lenye uzito mwingine, na jambo hilo lastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa hivi sasa.

Wapo wanaolicheka. Husema kwamba hao ni wastaafu waliokosa shughuli, wanaotumia kiinua mgongo chao kukumbushana uji wa asubuhi na viboko vya jioni. Wapo pia wanaolishuku, wakiamini kwamba kila walipo watu waliosoma pamoja pana mpango wa kupeana vyeo. Shaka hiyo ya pili si ya kupuuzwa, nasi tutairudia. Lakini kwanza yafaa tuulize swali ambalo wanaocheka na wanaoshuku hawaliulizi: watu hawa walikutanishwa na nani, na kwa kusudi gani?

Sisi tunaoandika kutoka Tabora tuna sababu ya kulijibu. Mji wetu, pamoja na maembe yake na asali yake, umekuwa mji wa shule kwa muda wa karne moja. Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo mtoto wa Ziwa Viktoria, wa Ziwa Tanganyika na wa pwani wote waliweza kushuka katika stesheni moja. Waingereza walipoanzisha Shule ya Serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, nia yao haikuwa kulijenga taifa. Walitaka watoto wa machifu wafunzwe kutawala kwa niaba yao, kisha kila mmoja arudi kwao akakae juu ya kiti cha baba yake. Watoto walikuja, wakafunzwa. Ila walipokuwa wakifunzwa walifahamiana, na hilo halikuwamo katika hesabu ya mkoloni.

Mwaka 1937 aliingia katika shule hiyo kijana mmoja kutoka Butiama, Julius Nyerere, mwana wa chifu wa Wazanaki, kabila dogo sana katika nchi kubwa. Baadaye alipita humo Rashidi Kawawa, kutoka upande wa Songea. Nyerere alipokwenda Makerere mwaka 1943, yeye na akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu waliunda huko huko chuoni chama cha ustawi cha Watanganyika. Aliporudi alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, hapa hapa Tabora. Na baada ya masomo ya Edinburgh akafundisha Pugu. Hatusemi kwamba TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa bwenini. Bibi Titi Mohamed hakulala katika mabweni hayo, wala hawakulala humo wengi wa wanachama wa kwanza wa Dar es Salaam, nao ndio waliovijaza viwanja vya mikutano. Tunachosema ni kwamba chama kilipohitaji mtu wa kumpokea mgeni katika wilaya ya mbali, mara nyingi alikuwako mtu aliyekwisha kulijua jina la mgeni tangu utotoni.

Idadi yao ilikuwa ndogo mno. Katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa mwezi Machi 1967, Mwalimu alieleza kwamba mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Watu 176 waweza kuenea katika mabehewa matatu ya treni. Kufikia mwaka 1967 wanafunzi wa sekondari walikuwa 25,000, na wale wa kidato cha sita 830. Bado walikuwa wachache, na bado waliweza kujuana karibu wote, ama kwa sura, ama kwa mpira, ama kwa sifa mbaya.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawa za umma, na mtoto akachaguliwa bila ya kuulizwa dini yake. Hapo ndipo mtoto aliyehitimu msahafu kwa mwalimu wake huko Kilwa alipopewa kitanda cha juu katika bweni lililojengwa na mapadri, na chini yake akalala mtoto wa mwinjilisti wa Njombe. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda skuli tumesimuliwa na wazee wetu namna walivyoogopa kumpeleka mtoto katika shule ya misheni, na hawakuogopa bure. Kwa hiyo hatulioni kuwa dogo jambo hili, kwamba leo yupo mzee wa Kilwa ambaye Krismasi humkuta Njombe, na mwenzake wa Njombe akashuka Kilwa siku ya Idi, na katika nyumba zote mbili mama wa nyumba anajua bila ya kuambiwa mgeni huyu anakula nini na hali nini.

WARANTI NA SANDUKU LA BATI

Mazungumzo ya wazee hawa hayaanzi na masomo. Huanza na safari. Barua ya kuchaguliwa ilifika kwa mwalimu mkuu, ikasomwa mbele ya shule nzima, na kijiji kikajua kwamba mtoto wa fulani anakwenda mbali. Likatafutwa sanduku la bati, likapigwa rangi, jina likaandikwa juu yake. Ikaja waranti ya safari, karatasi ya serikali ambayo mtoto aliifunga ndani ya leso na kuigusa kila baada ya hatua kumi, maana bila hiyo hakuna behewa. Stesheni aliibadilisha kwa tiketi ya daraja la tatu. Wa Kigoma alisafiri usiku. Wa Songea alipanda lori mpaka Njombe, akapanda jingine mpaka Iringa, akawa na vumbi la siku nne kabla hajaiona reli kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Ndani ya treni ndimo elimu ilimoanzia. Mtoto wa Kinyakyusa alimkuta wa Kihaya, na kila mmoja akagundua kwamba lugha ya mama yake haimfikishi popote. Kiswahili cha mmoja kilichekwa na mwingine. Wa pwani walijiona mabwana kwa mwezi mmoja au miwili, mpaka mtihani wa hesabu ulipowarudisha chini. Waligawana mayai yaliyochemshwa na kuku wa kuchoma walionunuliwa dirishani. Mnyamwezi na Mzaramo walikumbushana kwamba ni watani, wakaanza kunyang'anyana chakula kwa haki ya mababu. Walipofika shuleni wote waliitwa njuka, na njuka hana kabila. Ana ndoo tu ya kumtekea maji mkubwa wake.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mambo wanayoyasimulia kwa raha kubwa ni yale yaliyowatesa. Kunguni wa vitanda vya chuma. Maharage yaliyochaguliwa gizani. Kiranja aliyepiga kengele kabla jogoo hajawika. Baada ya mwaka 1967 shamba la shule likawa somo, na wapo wazee leo, wengine waliokuwa wakuu wa idara za serikali, ambao hawakumbuki kanuni hata moja ya kemia lakini watakuonyesha kwa kidole ni tuta lipi lilikuwa lao. Waliosoma mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa imetoka katika vita vya Kagera na bidhaa zimekuwa haba, hukumbuka kipande kimoja cha sabuni kilichokatwa kwa uzi kikagawiwa watu wanne. Tuliwahi kumwuliza mzee mmoja kwa nini hacheki anapolisimulia hilo, naye akatujibu kwamba mmoja wa wale wanne hakurudi muhula uliofuata, na mpaka leo hawajapata kujua alikwama wapi.

BARUA, REDIO NA SIMU

Kutafutana kwao kuna historia yake. Kwanza zilikuwa barua. Mtu alipohamishwa kikazi kutoka Mbeya kwenda Bukoba, alijua kabla ya kufunga mizigo kwamba huko yupo fulani, na fulani alimngoja bandarini au kituo cha basi. Ndivyo nyumba nyingi za watumishi zilivyopata mgeni wa wiki mbili aliyekaa miezi mitatu. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa walipanua orodha hiyo, maana huko walikutana waliotoka shule zote.

Kisha ikawa redio. Kizazi hiki kilikuwa na desturi ya kusikiliza matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam kama wengine walivyosikiliza mpira. Tangazo lilitaja marehemu, likataja wilaya, likaomba habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Na mahali fulani, katika nyumba ya walimu huko Nachingwea au Kasulu, mtu aliinuka akazima redio, akamwambia mkewe kwamba huyo alikuwa mwenzangu wa bweni. Mara nyingi hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyopata juu ya mwenzake kwa miaka ishirini, na ndiyo ya mwisho.

Simu za mkononi zimeleta nafuu kubwa, na hatuna neno juu yake isipokuwa moja. Simu humrudisha aliyepotea, lakini haimtazami usoni. Wazee wenyewe wanalijua hilo, na ndiyo sababu kila waliporudishiana namba, hatua ya pili ilikuwa kuunda kamati ya kukutana: mwenyekiti, katibu na mwekahazina. Tumeona kwamba mwekahazina huwa mara nyingi yule yule aliyegawa chakula bwaloni. Watu hawasahau ni nani aliyekata nyama kwa haki.

Kuhusu safari zenyewe, mambo yamebadilika. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na ilipofika mwisho wa Julai mwaka huo ilikuwa inafika Dodoma. Njia ambayo wazee hawa waliipita kwa usiku mzima sasa huwachukua saa chache tu, wakiwa wamekaa kwenye viti vya kitambaa. Wengine hufurahi. Wengine hununa, wakisema kwamba treni isiyosimama Gulwe si treni. Wapo wanaosisitiza kupanda behewa la reli ya zamani kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, kilomita 840 hivi, na miguu ikavimba njia nzima. Kila mmoja ana mfuko wake wa dawa za sukari au za shinikizo la damu, na saa ya kuzimeza hukumbushana kama walivyokumbushana saa ya kengele. Mabinti zao huwapigia simu kila baada ya stesheni mbili kuwauliza kama wamekula.

Tuna neno hapa, na tutalisema waziwazi. Baadhi ya kamati zimeacha safari hizi, zikachagua kukutana katika hoteli za Dar es Salaam. Sababu zinazotolewa ni afya na wepesi. Hatuzikatai zote. Lakini chumba cha hoteli na chakula cha jioni kinacholipiwa kwa kichwa vina namna yake ya kuchagua watu. Katibu mkuu mstaafu anazo fedha hizo. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayelima karanga huko Sikonge hana, naye hatasema kwamba hana, atasema anauguliwa. Shuleni hao wawili walilala vitanda vya aina moja, chini ya bati moja. Mkutano unaomwacha mmoja wao nje kwa ajili ya bei ya kuku hauwezi kuitwa mkutano wa bweni.

Zipo kamati zilizolitambua jambo hilo, nazo tunazisifu. Zimeanzisha mfuko wa nauli. Aliyejaliwa hutia zaidi, asiyejaliwa hutumiwa tiketi, na majina ya waliotumiwa hayatangazwi. Hukutana shuleni penyewe wakati wa likizo, hulala bwenini kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na hula chakula kilichopikwa katika jiko la shule. Mzee mmoja alituambia kwamba alipoipokea tiketi yake alikumbuka waranti ya mwaka 1968, na kwamba ya pili ilimtia haya kidogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa safari hii alimjua aliyeilipia.

AKINA MAMA

Mengi yaliyosemwa hapo juu ni ya wanaume. Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi, na wao ndio waliotushangaza zaidi.

Wapo waliosoma Shule ya Wasichana ya Tabora, Loleza ya Mbeya, Msalato ya Dodoma, Kilakala ya Morogoro, Weruweru ya Moshi. Walikuwa wachache kuliko ndugu zao wa kiume, na kila aliyefika huko alikuwa ameshinda mambo mawili: mtihani, na baraza la wajomba. Sasa fikiri, ndugu msomaji, namna ya kumtafuta mmoja wao baada ya miaka hamsini. Katika daftari la shule ameandikwa kwa jina lake na la baba yake. Alipoolewa akachukua jina la mume. Alipozaa, mtaa mzima ukamwita Mama Rehema, na Rehema naye ameolewa akahamia Arusha. Anayemtafuta akifika mtaani akaulizia jina la shule, hakuna anayelijua, hata watoto wake mwenyewe. Tumesikia habari ya mabibi wawili waliokaa katika mtaa mmoja kwa miaka kumi na mitatu, wakikutana sokoni na kuamkiana kwa heshima za majirani, hadi siku mmoja alipomwita mjukuu wake kwa jina la utani la bwenini, na mwingine akageuka.

Tena kusafiri kwao kuna mlango wa ziada. Mume huaga. Mke, hata wa miaka sabini, huomba ruhusa, na akishaipata lazima apike, apange, aache maagizo, atafute wa kumwangalia mgonjwa. Wajane husafiri kwa urahisi zaidi, nao hulisema hilo wenyewe kwa kicheko ambacho hatukuthubutu kukijibu. Pamoja na hayo yote, mikutano ya akina mama hawa ndiyo iliyo imara kabisa tunayoijua. Huja na kanga za sare, huja na michango iliyohesabiwa, na huja na majina ya walimu wao. Walio wa Weruweru hawakai pamoja hata nusu saa kabla ya kumtaja Mwalimu Maria Kamm, aliyeiongoza shule ile kuanzia mwaka 1970 na kwa miaka mingi baada ya hapo. Humwita Mama, nao ni bibi za watu.

Ni katika mkutano mmoja wa akina mama ndipo tulipolisikia jambo ambalo wanaume hawakupata kulitaja. Mmoja wao aliinuka akauliza: na wale waliofukuzwa? Ukumbi ukanyamaza. Kila mmoja alijua anauliza nini. Msichana aliyepata mimba aliondoka shuleni siku hiyo hiyo na sanduku lake, na jina lake likapigwa mstari. Hakuhitimu, kwa hiyo hayumo katika orodha ya wahitimu, na kamati inayoalika kwa kufuata orodha ya wahitimu haimwaliki. Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu hiyo warudi shuleni. Wale wa mwaka 1974 hawawezi tena kurudi darasani. Kurudi katika orodha ya wenzao wanaweza, na akina mama wale walikubaliana siku hiyo kuanza kuwatafuta. Wakati huo walikuwa wamempata mmoja. Alikuwa anauza vitumbua, alikuwa amesomesha watoto wanne, na jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba hana nguo ya kuvaa kwenye mkutano wa wasomi. Walimpelekea kanga ya sare.

Kamati za wanaume zinaweza kujifunza hapo. Wao nao wana walioachwa: aliyeshindwa mtihani wa kidato cha nne, aliyefukuzwa kwa mgomo wa chakula, aliyeugua akili. Wana pia mpishi. Katika kila bwalo alikuwako mzee aliyeamka saa tisa za usiku kuwasha kuni za uji wa watu mia nne, na wengi wa waliokula uji huo hawakupata kulijua jina lake la pili.

UNDUGU NA UPENDELEO

Tuliahidi kuirudia shaka ya wanaoshuku. Sisi tuliolelewa katika Chama tumefunzwa kuogopa makundi, na tungekuwa wanafiki kama tungelipita jambo hili kwa sababu tu wazee wanapendeza. Undugu wa shule waweza kugeuka ngazi ya kupandishana. Waliopita katika shule chache zile walishika ofisi zilizo nyingi, na asiyesoma nao alisubiri nje ya mlango akisikia kicheko ndani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia taifa. Hao walikuwa matunda ya mabweni yale yale tunayoyasifu hapa: vijana wa kila mkoa, waliojuana, waliosimama pamoja. Walisimama pamoja kuitetea nafasi yao ya kuwa juu ya wengine. Mwalimu aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na akaipunguza mishahara ya wakubwa, akianza na wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuishi pamoja kuliwafundisha kupendana wao kwa wao. Haikufuata kwamba kungewafundisha kumpenda mkulima aliyewalipia uji.

Kwa hiyo hatupimi mkutano wa wazee kwa wingi wa machozi yao. Twatazama wanafanya nini wakishakumbatiana. Wapo waliorudi shuleni wakapiga picha mbele ya bweni bovu, wakaondoka. Wapo waliolipia vitanda. Serikali imezikarabati shule kongwe nyingi katika miaka iliyopita, mabweni yamepata paa jipya na vyoo. Yaliyobaki si makubwa mno kwa watu hamsini wenye nia: vitabu, taa, ada ya mitihani ya mtoto asiye na mtu. Kundi linalotenda hayo halihitaji kujitetea mbele ya anayeshuku.

Jambo lililotusukuma hasa kuandika ni jingine. Nchi hii haipeleki tena watoto wake wengi mbali na kwao. Shule za sekondari, ambazo mwaka 2004 hazikufika 1,500, zilikuwa zimepita 4,000 mwaka 2010, na nyingi ya hizo ni shule za kata. Tunaishukuru hatua hiyo kwa moyo wote. Mtoto wa mkulima ambaye zamani angeishia darasa la saba leo anasoma kidato cha nne akitokea nyumbani. Lakini anatokea nyumbani. Wenzake wote ni watoto wa kata yake, utani wao ni wa kata, na treni hajaipanda. Kidato cha tano huchaguliwa bado kwa nchi nzima, na mafunzo ya JKT kwa wanaomaliza kidato cha sita yalirudishwa mwaka 2013 baada ya kusimama tangu 1994; lakini wengi hawafiki huko. Atakapokuwa na miaka sabini na mitano, mtoto huyu wa kata atakuwa na nani Newala?

Hatupendekezi kuzifunga shule za kata ili watoto wakapate kunguni wa Tabora. Tunapendekeza kwamba wazee hawa, ambao bado wanayo namna ya kuwa na mtu kila wilaya, waitumie kabla haijafa nao. Mzee wa Kilwa na mzee wa Njombe waweza kuzikutanisha shule mbili za kata kwa juma moja la likizo: wanafunzi ishirini huku, ishirini kule, wakilala majumbani mwa watu. Gharama yake haifiki gharama ya usiku mmoja wa hoteli. Mkuu wa shule mmoja wa wilaya jirani ametuambia yuko tayari kuwapokea wageni hao hata mwezi ujao, na kwamba hajapata kuombwa na yeyote.

Aidha wazee waandike. Madaftari ya shule nyingi yako stoo na mchwa hawangoji. Katika shule moja ya mkoani kwetu ipo picha ya kidato cha nne ya mwaka 1971, watu arobaini na wawili wamepanga mistari mitatu, na nyuma yake hapakuwa na jina hata moja. Wazee waliofika hapo mwaka huu walikaa nayo asubuhi nzima, wakabishana, wakavaa na kuvua miwani, na kufikia adhuhuri walikuwa wameyaandika kwa kalamu ya risasi majina thelathini na tisa. Watatu wamebaki: wawili mstari wa nyuma, upande wa kulia, mmoja mrefu na mmoja aliyefumba macho, na wa tatu amekaa chini mbele, amevaa viatu visivyolingana. Nakala ya picha hiyo tumeiweka mezani katika ofisi yetu. Ni wazi kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, na yeyote anayemjua mmoja wa hao watatu, au aliyesikia habari zake, anaombwa kuja.